Maji ya Kwenda Chalbi

Mimi na shemeji yangu tulikuwa tukipanga kuvuka jangwa la Chalbi kwa pikipiki, tukilala kwenye hema. Kila nilipofunga mitungi ya maji kwenye pikipiki yake, aliifungua akaweka kiti cha kukunja.

"Maji tutapata njiani," alisema.

"Bwana, hilo ni jangwa!"

"Kwani watu wa huko hawanywi?"

Amekulia kando ya ziwa, hajawahi kukosa maji. Nilichoka kubishana, nikamwambia tujaribu mizigo kwanza, twende mji wa Awasi na kurudi bila kuingia dukani kununua maji. Kabla hatujafika, jua likiwaka, alisimama akaniomba chupa yangu. Aliimaliza yote.

Jioni alifunga mtungi mmoja. Nikamwambia tunahitaji minne. Akanuna.