Mwalimu Sijaweza

Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi wake, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kila mtoto wa darasa la kwanza aliyelia "Siwezi", mwalimu huyu alimjibu vilevile, bila kuinua sauti: "Huwezi, au hujaweza?" Mtoto alifikiri, akafuta kamasi, akasema, "Sijaweza." Hapo ndipo alipomwambia avute pumzi, atafute njia nyingine, na akikwama kabisa aombe msaada, maana kuomba si aibu. Walimu wenzake nao wakalidaka jina, wakawa wanampelekea watoto waliokata tamaa kama mtu anavyopeleka viatu kwa fundi.

Kazi yake aliijua. Mtoto aliyechana daftari kwa hasira alipewa gundi, alibandike mwenyewe. Waliopigana hawakurudi kucheza mpaka kila mmoja aseme kilichomuuma.

Mambo yalimnyookea hadi kitindamimba wake alipoanza shule na kuangukia darasa lake. Binti huyo alizaliwa kabla ya siku zake, akalelewa kama yai. Mwalimu, mama yake, hakukusudia kumpendelea. Lakini ilipofika zamu yake ya kusoma kwa sauti, alipewa sentensi fupi, na akikwama, midomo ya mwalimu ilitangulia kulitamka neno. Watoto waliona, wakanyamaza.

Aliyesema ni mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Jioni moja walikuwa wakicheza karata. Binti akashindwa, akazitupa karata sakafuni, na mama akainama kuziokota.

"Mama watoto," mumewe akasema, "watoto wa watu unawafundisha kutembea. Wetu umembeba mgongoni."

Akamjibu kwamba ya darasani amwachie mwenyewe, akanuna. Lakini akiosha vyombo, maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mganga hajigangi, alijiambia, wala hakucheka.

Kesho yake darasa lilijenga minara kwa visanduku vitupu vya kiberiti. Mnara wa binti ukaporomoka. Akaujenga upesi upesi, ukaporomoka tena. Akainua macho yaliyojaa machozi.

"Siwezi, Mama."

Shuleni alitakiwa kumwita Mwalimu, ila leo hakusahihishwa. Mama alitia mikono kwenye mifuko ya koti, akakunja ngumi humo humo.

"Huwezi, au hujaweza?"

Binti alilaza kichwa juu ya dawati, akalia kilio cha kweli. Mtoto mwingine akamwita mwalimu kule nyuma, naye akaenda. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama kugeuza mgongo wakati ule.

Aliporudi, kilio kilikuwa kimekwisha. Binti alikuwa akimwuliza jirani yake, msichana mwenye mapengo, mbona wa kwake hauanguki.

"Panua chini," mwenye mapengo akamwambia, kama mtu anayesema jambo la wazi.

Akapanua. Mnara wa tatu ulisimama, umepinda kama mzee mwenye kibiongo, lakini ulisimama. Hakugeuka kumwonyesha mama yake. Alikuwa na ghorofa za kuongeza. Hilo lilimuuma mwalimu kidogo, likamfurahisha zaidi.

Tangu hapo binti alisoma sentensi ndefu kama wenzake. Alikwama, alirudia, pengine alilia, ila machozi yalikauka mapema. Nyumbani nako alianza kuwasumbua kwa namna mpya: kila kitu alitaka kufanya mwenyewe.

Ndiyo maana asubuhi moja mwalimu alichelewa kazini, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwalimu mkuu alimkuta langoni, akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

"Wazima wote," alisema. "Kuna mtu tu amekataa kufungiwa kamba za viatu."

Nyuma yake binti alikuja taratibu, kiatu kimoja kina fundo kubwa la ajabu, kamba ya kingine inaburuta vumbini. Mwalimu mkuu akainama ili amfungie.

"Mwache," mama akasema, akamzuia mwalimu mkuu mkono. "Atainama mwenyewe."

Wakasimama wote wawili langoni, kengele ikilia, wakamsubiri.