Bado ya Shangazi

Kuna watu hawakuumbwa kusema hapana, na jamani, watu hao hao ndio huchaguliwa kuwa madiwani. Shangazi alikuwa mmoja wao. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri, naye akaitika tu, maana hakuwa na nguvu za kubishana na mtu kuhusu jina.

Siku yake ilianza kabla hajanawa uso. Akifungua mlango, benchi la barazani limeshajaa. Huyu bomba lake halitoi maji. Yule fundi wa mageti anashtakiwa kwamba anagonga chuma wakati wa ibada, na mwenyewe yupo pale pale, amekuja kushtaki kwamba spika za ibada zinampasua kichwa. Mwanamke wa nyumba ya kona kaja na jirani wa kumtafsiria, na jirani kila akitafsiri anachomekea shida yake humo humo. Kata yenyewe ndivyo ilivyokuwa: watu wametoka pande zote, kila mtu na Mungu wake, na mapishi yake, na Kiswahili chake. Chai ya Shangazi ilipashwa moto mpaka ikakosa ladha ya chai.

"Mimi nilioa mke," mumewe alipenda kusema akipita na redio yake mkononi, "wakaniletea ofisi ya kata."

"Si uhamie wewe," Shangazi humjibu, siku akiwa mzima. Siku nyingine hakumjibu. Na siku hizi alikuwa hamjibu sana. Miguu ilimvimba, mgongo ulimuuma, na alikuwa na uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Kilichomvusha ni neno moja, bado. Alilipata kwa mama yake. Kwao, jirani akija kuomba chumvi na chumvi hakuna, huwezi kumwambia hakuna, ni kama umemfungia mlango puani. Unamwambia, "Bado hatujanunua," anacheka, anaenda nyumba ya pili, na heshima ya kila mtu imebaki mahali pake. Shangazi aliingia nalo kwenye udiwani. Taa za barabarani? Bado. Zahanati itapata daktari? Bado, mwanangu. Wenyeji walilijua vizuri. Wakilisikia wanaangaliana na kuambiana, "Haya, twendeni, ameshatunyima," na hakuna aliyekasirika.

Basi kulikuwa na fundi viatu, watu wakimwita Kiraka, na yeye mwenyewe akilipenda jina hilo. Alikuja mtaani akiwa mtu mzima, kutoka mbali, na Kiswahili alijifunza ukubwani, neno kwa neno, kwa wateja. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, akitembelea kiti cha magurudumu. Nyumbani kwake ni upande huu wa mtaro mkubwa, na kibanda chake upande wa pili, karibu na kituo cha mabasi. Kivuko kilichounganisha pande mbili kiliondoka na mvua. Watu waliweka mbao, nazo zikasombwa. Tangu hapo Kiraka alivushwa kila asubuhi mgongoni mwa wabeba mizigo, kiti kikifuata nyuma, na jioni vivyo hivyo. Alichukia mno. "Gunia la mkaa lina afadhali," alisema, "lenyewe halisikii aibu."

Shangazi alikipigania kivuko kile. Tusimwonee, alipigana. Alikwenda halmashauri akasema mpaka sauti ikakauka, akagonga meza, akaambiwa akae. Kikao kilipofungwa, kivuko kilikuwa kimefutwa kwenye mipango, siyo kusogezwa mbele, kimefutwa. Akarudi kwa miguu akiburuza viatu, na mtu wa kwanza kumkuta njiani ni Kiraka, macho yote kwake.

"Shangazi! Kivuko vipi?"

Angesema. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimtazama yule bwana kitini, akajitazama na yeye alivyochoka, na ulimi, ambao hauna mfupa, ukaenda ulikozoea.

"Bado, fundi."

Kiraka akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Asante sana! Mungu akubariki!"

Shangazi aliona ajabu kidogo. Akajisemea, huyu mtu ana moyo mpana kweli, nimemnyima na bado ananiombea baraka. Akaenda zake kulala.

Siku zikapita kwa mabomba na spika na kesi za kuku. Kisha asubuhi moja mke wa Kiraka akaja barazani, kajifunga kitenge kizuri, uso umekunjuka. Hakuja na shida. Alikuja kushukuru.

"Tulikuwa na mashaka, Shangazi," alisema. "Yule mwenye fremu ya duka pale karibu na nyumbani alikuwa amemshikia mume wangu nafasi. Pazuri, sakafu sawa, hakuna kuvuka mtaro. Lakini wateja wake wote wako kituoni. Sasa uliposema kivuko kiko njiani, mume wangu akamwambia mwenye fremu, usitusubiri, mpe mwingine. Jana ameshampa."

"Nilisema kiko njiani? Mimi?"

"Si ulisema bado?"

Fundi wa mageti akainamisha kichwa, akasoma sakafu. Wenyeji wote pale walikuwa wameelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumweleza mama wa watu. Mumewe Shangazi alizima redio.

Shangazi hakuaga. Alitoka na ndala zake za ndani hadi kwenye fremu. Alimkuta kinyozi mgeni juu ya ngazi anabandika picha za mitindo ya nywele, na mwenye fremu anamshikia ngazi.

"Dada yangu, ungeniambia mapema," mwenye fremu alisema, na alisikitika kweli. "Nilimsubiri yule bwana kuliko nilivyowahi kumsubiri mtu. Mwenyewe ndiye aliyeniambia nisimsubiri. Huyu sasa nimfukuze kwa kosa gani?"

Shangazi akashuka mtaroni. Maji yalikuwa ya magotini, yananuka, na Shangazi akavuka na nguo zake, watu wa kituoni wakimshangaa diwani wao. Kiraka alikuwa anashona soli. Alipomwona amelowa akacheka, "Shangazi, ungesubiri kivuko!"

"Hakuna kivuko, fundi."

Akaacha kushona.

"Wamekataa," Shangazi alisema. "Siku ile uliponiuliza walikuwa wameshakataa. Mimi kwetu, nikisema bado, ni... ni hapana ya adabu. Nilidhani umenielewa. Nisamehe, ndugu yangu. Nimekukosea vibaya."

Kiraka aliweka kiatu cha mtu mapajani. Hakupaza sauti, na Shangazi alitamani angepaza.

"Nilipofika mji huu," alisema mwisho, "neno la kwanza kujifunza ni hapana. Nyumba ya kupanga, hapana. Kazi, hapana. Basi linaniona na kiti changu, linaondoka. Bado nilikuja kulijua baadaye sana, nikalipenda, kwa sababu kwenye bado kuna kitu kinakuja." Akafuta gundi kidoleni. "Hapana yako ningeiweza, Shangazi. Nimezizoea. Ningechukua fremu yangu, ningekaa."

Shangazi alilia, pale pale kituoni, mtu mzima, bila hata leso.

"Mwakani je?" Kiraka akauliza. "Watajenga?"

Lile neno la mama yake likapanda mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Hapana. Sidhani kama watajenga."

Kiraka akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea chenji sahihi. Kisha akaanza kukusanya vitu vyake. Shemeji yake alikuwa na nafasi kwenye karakana, upande wa pili wa jiji, walikuwa wamemwita siku nyingi. Hangebebwa tena, alisema, zaidi ya jioni hii. Viatu vilivyokwisha kushonwa vya watu wa ng'ambo ya mtaro alivitia kwenye kiroba, akampa Shangazi.

"Hivi vya majirani. Wapelekee, wasije wakadhani nimewaibia."

Basi diwani akavuka tena mtaro na kiroba kichwani. Mlango wa kwanza ulikuwa wa bibi mmoja muuza vitunguu. Alivipokea viatu vyake, akavigeuza, akasifia mshono.

"Kazi safi! Nina vingine ndani kisigino kimetoka. Mwambie fundi nitampelekea keshokutwa."

"Hatakuwepo," Shangazi alisema. "Anahama."

"Anahama! Kwa nini? Si kivuko kinakuja?"

"Hakiji, bibi. Na yeye anahama kwa sababu yangu."

Bibi akabaki anamtazama. Kiroba kilikuwa bado kizito, na Shangazi akaenda kubisha mlango wa pili.