Mwisho wa Mchezo wa Tusekile

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwaka wa korona ambayo sijaweza kuiacha nyuma, na mimi nimeacha nyuma mengi. Usidhani nitakusimulia kosa la ujanani. Ujana niliumaliza kwa kuzurura. Niliacha shule darasa la tano kule Itumba, wilayani Ileje, kwa sababu nilitaka kujua barabara ya Tunduma inaishia wapi, na tangu hapo sijakaa mji mmoja miaka mitatu mfululizo. Mwaka huo nilikuwa na mvi tayari, nikibangaiza Tunduma, nikiwatafutia madereva maji ya kuoga, vocha na habari. Lakini ile hamu ya kujua jambo kabla ya wenzangu ilikuwa haijazeeka.

Tusekile alikuwa binti wa Ikinga, huko huko Ileje, na kazi yake ilikuwa kuigiza. Walikuwa watano kwenye kikundi, hapo Tunduma. Walicheza ukumbini, mashuleni, na kwenye harusi walipoitwa. Mikusanyiko ilipozuiwa, ukumbi ukatiwa kufuli na harusi zikaahirishwa. Wawili wakaenda Igamba kuchuma kahawa, wawili wakarudi makwao. Msanii wa namna hiyo hana bosi wa kumwambia pumzika nyumbani, mshahara utakuja. Baba yake akamtumia ujumbe kwamba arudi akalime, na akirudi asimsikie tena na mambo ya maigizo. Tusekile akajipa hadi mwisho wa mwezi.

Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa kwa muda, na foleni ya malori ilirudi nyuma hadi eneo la Mpemba. Madereva walitakiwa wasichanganyikane, kila mmoja akae kwenye gari lake. Tusekile aliitazama ile foleni siku nzima, kisha akasema kama watu hawaruhusiwi kwenda kwenye mchezo, mchezo utawaendea.

Ulikuwa mchezo wa dereva mwenye mke Tunduma na mke mwingine Nakonde, ng'ambo ya mpaka, amekwama katikati yao, na kila mke anampelekea chakula bila kujua kuna mwenzake. Tusekile aliwaigiza wote watatu, peke yake, kwa kubadilisha kanga na sauti. Alisimama hatua kadhaa kutoka dirishani, akacheza kipande kimoja, akasogea kwenye lori linalofuata. Kesho yake akaja na kipande cha pili. Siku ya tatu madereva walikuwa wanamsubiri kwa hamu kuliko walivyosubiri mpaka ufunguliwe. Walimpa sukari, sabuni, noti ndogondogo, na wakamwahidi kwamba siku ya mwisho, siku ya sita, watamtunza ipasavyo. Yeye alikuwa ameshaniambia kwamba siku hiyo ikienda vizuri, hatarudi Ikinga.

Mimi nilimtangulia kwenye foleni nikipiga kelele kwamba anakuja. Kwa hiyo aliniamini. Jioni ya siku ya tano alikuwa akijifua uani, nyuma ya kibanda cha chai cha Mama Shabani, na nilipomwomba nione mwisho, aliniruhusu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mwisho huo sikuambii, mwanangu, na utaona kwa nini.

Asubuhi madereva walikuja kuchukua chai mmoja mmoja, wakasimama mbalimbali na vikombe vyao. Mmoja, Mzambia, akanitania.

"Mudala," akaniita, maana ndivyo ng'ambo ya pili wanavyomwita mzee, "wewe unajua kila kitu. Huyu jamaa wa wake wawili ataponea wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikaweka kikombe chini, nikajifunga kitambaa cha meza kama kanga, nikaucheza mwisho wote kuanzia mwanzo hadi neno la mwisho. Wakacheka sana. Mmoja akanilipia chai na chapati. Habari ikapanda foleni kwa simu, kutoka lori hadi lori, kabla sijamaliza kutafuna.

Tusekile alipofika, lori la kwanza likapandisha kioo. La pili dereva alimwambia kwa upole tu, "Dada, mwisho mzee ameshatuonyesha." Alifika hadi lori la nane hivi, akaacha. Akarudi kibandani, akakunja kanga zake mbili bila haraka.

"Uliupenda, mzee?" akaniuliza.

"Sana."

"Ungeniachia, basi."

Mama Shabani alikuwa anaosha vikombe. Aliniambia nitakapotaka chai tena nikainywe kwingine. Nikaenda kwenye foleni kuwaambia madereva kwamba niliwadanganya, mwisho si ule. Hakuna aliyenisadiki. Kesho yake mpaka ukaanza kupitisha magari, na wiki iliyofuata Tusekile akapanda gari la Itumba na sanduku lake la mavazi.

Nilikuja kumwona tena baada ya miaka miwili, Itumba, kwenye uwanja wa shule. Alikuwa analima, kama baba yake alivyotaka, na Jumamosi alikuwa anacheza, kama asivyotaka. Nililipa kiingilio, nikakaa nyuma. Mchezo ulikuwa uleule wa dereva na wake wawili. Jirani yangu akaniuliza kama nilishauona na unaishaje.

Nikamwambia, "Kaa uone."

Na ilikuwa vizuri nilivyosema hivyo, kwa sababu mwisho aliubadilisha. Hata mimi sikuujua.

Basi mwanangu, siku milango ya kumbi itakapofungwa tena, kwa ugonjwa au kwa jambo jingine, usisahau waliokuwa wanakuchekesha. Mtafute msanii aliye jirani nawe, mlipe kabla hajaomba, mwite hata kama mko wanne tu uani. Usimrekodi kwa simu ukasambaza kazi yake kwenye makundi halafu ukasema unamtangaza. Sifa nilimpa nyingi, na ndizo zilizomrudisha Ikinga. Kama huna cha kumpa kabisa, mwachie mwisho wa mchezo wake autoe mwenyewe.

Mungu akupe riziki ya mikono yako, na akupe watu watakaokaa kimya hadi umalize.