Siku Niliyosimama Mahali pa Jiwe

Harufu ya saruji mbichi hunifanya nifunge dirisha hadi leo. Jirani yangu hapa Ibadakuli anajenga ukuta, na wiki nzima mafundi wake wamekuwa wakichanganya zege karibu na dirisha langu. Wengine wakiisikia harufu ile hufikiria nyumba mpya. Mimi narudi mbugani, nina miaka kumi, jua liko utosini na watu wazima wa vijiji viwili wananitazama. Habari hii nimewahi kuisimulia kwa vipande tu, tena kwa kuchagua vipande vinavyonipendeza. Leo nitawaambia yote.

Kwetu ni Mwasalala, mwendo wa baiskeli kutoka Mwakitolyo penye machimbo ya dhahabu. Ng'ambo ya mbuga kuna Ibelele, alikozaliwa mama yangu. Mbuga yenyewe ni ya ule udongo mweusi ambao masika hunasa ng'ombe hadi magotini, na kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Mpaka wa vijiji ulipita humo. Yalikuwa mawe matatu makubwa yaliyosimikwa na mababu, na kati yake safu ya miti ya minyaa iliyokwisha kufa nusu. Hakuna aliyeujali. Dengu za Ibelele zilitambaa hadi kwetu, ng'ombe wetu walikunywa kwenye lambo lao, na shule tuliyosoma sote ilikuwa upande wao. Bibi, mama yake baba, alizoea kusema kwamba mpaka ule ni wa dengu, watu hauwahusu.

Kisha wachimbaji wawili waliokuwa wakikata njia kwenda Mwakitolyo waliokota jiwe jeupe upande wa Ibelele, hatua kama mia hivi kutoka jiwe la katikati. Wakalitwanga, wakaliosha kwenye karai, wakaona kinachong'aa. Habari ilifika kwetu Jumanne jioni.

Jumatano ilikuwa siku ya mnada, na kijiji kizima kilihama. Mimi niliachwa niangalie mbuzi, na mmoja akanipotea. Nilimfuata hadi mbugani, nikitembea kwa kuruka nyufa, na hapo ndipo nilipowaona baba na mdogo wake, Baba Mdogo Shija. Walikuwa wamefunga ng'ombe wawili kwa minyororo na kuliburuta jiwe la katikati kuelekea Ibelele. Jiwe lilikuwa kubwa kama ndama aliyelala. Lilipopita, udongo ulilia kama mtu anayesaga meno. Baba Mdogo alikuwa akifukia shimo walikoling'oa, akilikanyagakanyaga kwa miguu yote miwili, karibu na kisiki cha mnyaa kilichoungua.

Baba alinyanyua uso akaniona. Alikuja taratibu, akachuchumaa mbele yangu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa udongo.

"Minza, umeona nini?"

Nilimwangalia. Sikujua jibu analolitaka, na kutolijua kulinitisha kuliko fimbo.

"Mbuzi," nikasema. "Namtafuta mbuzi."

"Haya. Umeona mbuzi." Akanishika kichwa, mkono wake ukakaa pale kidogo zaidi ya kawaida. "Rudi nyumbani, mama."

Jioni ile waliwapitisha ng'ombe wote wa boma letu mahali pale, mara tatu, mpaka alama ya kuburuta ikafutika. Mama aliuliza kwa nini ng'ombe wamechelewa kurudi. Baba akajibu kwamba nyasi za karibu zimekwisha. Nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaendelea kutafuna.

Rashi, ule mmiminiko wa wachimbaji, ilikuja kama nzige. Kabla ya mwezi kuisha mbuga ilijaa maturubai, bodaboda na mama lishe, na maduara, yale mashimo ya dhahabu, yalichimbwa usiku na mchana. Ndipo watu wakaanza kuulizana swali ambalo hawakuwahi kuliuliza: maduara haya yako kijiji gani? Wazee wetu walionyesha jiwe. Watu wa Ibelele walishika vichwa, wakasema jiwe halikuwa hapo. Wetu wakawajibu, jiwe lina miguu?

Wanaume walicheka sana siku hiyo. Mimi sikucheka.

Ugomvi haukuanza kwa silaha. Ulianza kwa salamu. Kisimani wanawake waliacha kumwita mama yangu Mama Minza, wakaanza kumwita "yule wa Ibelele", na akifika walinyamaza. Shuleni tuligawana madawati pasipo mtu kutuambia. Kabula, rafiki yangu wa Ibelele, alihamisha daftari lake hadi mstari wa mbele na hakugeuka nyuma tena. Lambo lao likafungwa kwa miiba. Ng'ombe wetu wawili wakakutwa wamekatwa mishipa ya miguu. Nilikuwa naamka alfajiri nikisikiliza kwanza kabla ya kufumbua macho, nipime kama siku ile ina kelele.

Siku ya kelele ilifika. Ulipigwa mwano, ule ukelele wa hatari unaoruka kutoka boma hadi boma, na wanaume wakakimbilia mbugani na fimbo na mishale. Tulijifungia ndani, mama akiwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni. Mume wake na mashemeji zake walikuwa kule, na kaka zake walikuwa kule. Sijui alimwombea nani.

Waliporudi, baba alikuwa mzima. Mjomba Luhende, kaka yake mama, alikuwa amepasuliwa kichwa kwa fimbo na hajitambui. Mama alifunga kanga kiunoni, akavuka mbuga peke yake mchana mweupe, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Hakurudi siku hiyo wala wiki iliyofuata. Bibi alipika ugali, baba akanawa mikono, akautazama, akatoka nje.

Nilijua mambo mawili ambayo mtoto hapaswi kuyajua kwa pamoja: aliyeliondoa jiwe, na kwamba mjomba anaweza kufa kwa ajili yake.

Wilaya ilileta askari, kisha ikaleta wapimaji. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana, tukamwita Mama Vipimo. Walipiga hema karibu na boma letu, na mimi nikawa mmoja wa watoto wa kuwaletea maji ya kuchanganyia zege, kwa sababu walikuwa wanamimina nguzo za mpaka, bikoni, kwenye viboksi vya mbao. Harufu ile ya saruji ilishika nguo zangu zote.

Mchana mmoja, wazee waliokuwa wakimlalamikia walimuuliza kwa nini asitazame tu ramani. Akawaambia kwamba mstari wa ramani ile ya zamani, ukiuleta hapa chini, unene wa kalamu yenyewe ni shamba zima. Akasema alikwisha fanya kazi kwenye mpaka wetu na Burundi, huko Ngara, ambako nguzo za wakoloni zilikuwa mbalimbali mno, nyingine zimeanguka, nyingine watu wamezifanya mawe ya kunolea mapanga. "Mtu anapalilia migomba yake hajui yuko nchi gani," alisema. "Akivuna anaitwa mwizi. Na akishaitwa mwizi na serikali mbili, ni nani atamwamulia? Tuliweka nguzo karibu karibu, ukisimama penye moja unaiona ya pili. Lakini kabla ya kuweka hata moja, tulitembea na wenyeji wa pande zote. Hapa tutafanya hivyo hivyo."

Wazee walipoondoka nilimimina maji kwenye pipa, nikajikuta nimeuliza, "Mama, shikamoo. Jiwe likihamishwa, mashine inajua?"

"Marahaba." Aliitazama mashine yake ya kupimia, ile ya miguu mitatu, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. "Mashine inajua mahali. Habari za jiwe wanazijua watu."

Nilianza kulia. Alinipangusa kwa ncha ya kitambaa chake, akanirudishia ndoo.

Siku ya kutembea mpaka, vijiji vyote viwili vilikusanyika, huku kwetu na kule kwao, askari katikati. Mama alikuwa upande wa pili na watu wa Ibelele. Jiwe la kwanza halikuwa na ubishi. Msafara ulipoelekea jiwe la katikati makelele yakaanza, na niliziona fimbo zikibadilishwa mikono, kutoka ya kushoto kwenda ya kulia.

Sikupanga. Ningependa kuwaambia kwamba niliwaza haki, au niliwaza damu ya mjomba. Nilichowaza ni kwamba mama yuko kule na sisi tuko huku. Nikapenya kwenye miguu ya watu, nikakimbia mbugani hadi penye kile kisiki kilichoungua, nikasimama. Basi. Sikunyoosha kidole, sikufungua mdomo. Mkojo ulinitiririka miguuni na nyufa zikaunywa.

Makelele yalipungua kidogo kidogo.

"Mtoto wa nani yule?" mtu wa Ibelele akauliza. "Anafanya nini pale?"

Watu wetu walinitambua, wakamgeukia baba. Baba Mdogo Shija alitikisa kichwa, polepole, macho kwa baba. Baba alisimama na fimbo yake begani. Kisha akaiweka fimbo chini.

"Ni wangu," alisema. "Amesimama palipokuwa jiwe."

Mama Vipimo aliwaamuru vibarua wachimbe pale pale. Kina cha mkono mmoja chini walikuta mkaa mwingi na vigae vya chungu. Mzee mmoja wa Ibelele alipiga magoti, akautwaa mkaa na kuunusa, akasema baba zao waliufukia chini ya kila jiwe, maana mkaa hauozi na hauna sababu ya kwenda huko wenyewe. Walichimba chini ya jiwe la kwanza, wakaukuta. Walichimba chini ya lile lililohamishwa, hakukuwa na kitu. Nguzo ilisimikwa siku ileile, pale pale nilipokuwa nimesimama, na zege lililozidi likamwagwa pembeni.

Kesho yake baba alimfunga kamba fahali wake wa pekee na kuvuka naye mbuga. Mimi nilifuata nyuma. Mjomba Luhende alikuwa ameketi uani, kichwa kimefungwa bandeji, jicho moja limevimba.

"Mwangaluka, shemeji," baba alimwamkia kwa Kisukuma, akiwa amesimama mbali kama mgeni.

Mjomba alimtazama fahali kwanza, halafu baba. Kisha akaitikia, akamwambia mama alete kigoda. Fahali alichinjwa wakala watu wa pande zote mbili, ingawa si wote waliokuja. Jioni mama alirudi nasi nyumbani.

Dhahabu yenyewe ilikata kabla ya mvua, wachimbaji wakahamia Geita, maduara yakabaki yakijaa maji na vyura. Nguzo zipo. Watoto huzikalia wakichunga, na ng'ombe wanakunywa tena lambo la Ibelele. Ninaposikia redioni kwamba nchi fulani na fulani zimekubaliana kukagua nguzo za mpaka wao, najua kuna mahali mtu anatembezwa porini aseme alichokiona, na kwamba ulimi wake umekauka.

Lakini baba hakuzungumza nami siku nyingi baada ya hapo, na mimi niliamini ananichukia. Watu wa Mwasalala hawakutufukuza, lakini walimwita msaliti. Baba Mdogo Shija alikaa miaka bila kukanyaga boma letu. Mimi nilikua nikisimuliwa kama mtoto shujaa, nikaizoea sifa ile, na nikawa namhurumia baba kama mtu aliyeumbuliwa na mwanawe.

Baba alipokwisha kufariki, mama ndiye aliyenieleza yale aliyoambiwa naye. Asubuhi ya kutembea mpaka, wanaume wetu walikuwa wameapa kwamba atakayetoa neno tofauti atafukuzwa kijijini, yeye na nyumba yake. Aliyewaapisha ni baba mwenyewe. Na hakuna mtu ambaye angemsadiki msichana wa miaka kumi aliyejikojolea mbugani. Baba hakuhitaji hata kudanganya. Ilitosha aniite, "Minza, toka juani, njoo hapa kwa baba yako."

Ningekwenda. Nawaambia ukweli wa moyo wangu, ningekwenda mbio.