Bourbon Ambayo Mama Hakuambiwa

Tulikuwa tunatoka kanisani Ijumaa ya juzi, maana huku Qatar ibada kubwa ni Ijumaa, simu zilipoanza kulia. Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, Mkenya mwenzangu aliyekuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja upande wa The Pearl, alilala baada ya zamu na hakuamka. Ni moyo, walisema madaktari. Msomaji wangu, sitakudanganya kwamba tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Alikuwa mtu wa kukutana naye kwenye lifti, ukachelewa kazini kwa sababu ameushika mlango kwa mguu hajamaliza kukueleza jambo. Na jambo lenyewe siku zote lilikuwa moja: bourbon, wiski ya Wamarekani. Nimeumia kuliko nilivyotarajia, na nikimwandikia kwa utani ni kwa sababu hatukuwahi kuzungumza kwa namna nyingine.

Wengi wetu tukisikia wiski tunawaza Skotlandi na mabwana waliovaa sketi. Marehemu hakuliacha kosa hilo lipite. Bourbon ni mahindi, alisema, na mahindi yasipozidi nusu ya nafaka zake, hiyo si bourbon. Walowezi kutoka Skotlandi na Ayalandi walipofika Kentucky walikuta mahindi yanastawi kuliko shayiri, nao wakafanya anachofanya mkulima yeyote mwenye mavuno mengi na barabara mbovu: wakayageuza kinywaji, maana mtungi husafiri vizuri kuliko gunia. Pipa lazima liwe jipya, la mwaloni, lililounguzwa ndani kwa moto. Humo wiski hukaa miaka, joto likiisukuma ndani ya mbao na baridi ikiirudisha, mpaka itoke na rangi yake na utamu wa sukari iliyoungua. Ile inayopotea hewani huitwa fungu la malaika. Nilimuuliza ingekuwaje pipa likiwekwa hapa Doha mwezi wa nane. "Wee! Hapa malaika wangelewa chakari," alisema, "na sisi tungebaki na mbao."

Kwa kuwa vinywaji vya hoteli haviruhusiwi kutoka nje ya hoteli, na yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria, darasa lake nyumbani lilifanyika kwa chai ya rangi. Siku yake ya mapumziko alitupanga sebuleni, mimi, muuguzi mmoja wa Mombasa, na mlinzi wa Uganda aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, kila mtu na glasi yake. Tulikatazwa kunywa. Kwanza kunusa, mdomo wazi kidogo, kisha tone la maji, kisha funda dogo la kukaa ulimini. "Unasikia nini?" alimuuliza mlinzi. "Nasikia majani." "Majani gani?" "Majani ya chai, sebo." Muuguzi akasema yeye anasikia sukari imesahaulika. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Hotelini, walisema wenzake, mgeni akiagiza bourbon ichanganywe na soda aliimimina kwa uso wa mtu anayesaini talaka.

Lakini kwa mama yake, mjane wa kule Vihiga ambaye kanisa lake halitaki pombe hata jikoni, mtu huyu mwenye maneno mengi alikuwa na maneno matatu tu kuhusu kazi yake: idara ya vinywaji. Usimcheke haraka. Katika jengo letu karibu kila mtu ana kazi mbili, ile anayoifanya na ile anayoitaja akipiga simu nyumbani. Mlinzi wa geti ni afisa wa usalama. Anayeosha magari yuko kwenye kampuni ya magari. Dada anayelea watoto wa watu ni mwalimu. Uongo wenyewe ni mdogo, nao hutumwa kwa mapenzi, ila ukishazoea kuutuma, mengi ya kusimuliana hupungua, simu ikabaki ya hali ya hewa na afya ya ng'ombe.

Basi tulipokusanyika kwa maombi, mama akiwa kwenye simu ya video, aliomba jambo moja: aambiwe mwanawe alikuwa anafanya nini huku, apate la kusema siku ya mazishi. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusaidiana alikuwa ametuonya mapema. "Ni juisi, jamani. Tusimuue na mama." Akasimama, akasifu juisi kwa ufasaha. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Juisi ya nini?" Mwenyekiti akajibu, "Ya... mchanganyiko, mama." Hapo mlinzi akashindwa kuvumilia. "Mama, mimi naomba unisamehe. Mtoto yako alikuwa anauza wiski. Alikuwa anaijua kushinda hata wazungu wenye waliitengeneza."

Mwenyekiti alinyoosha mkono kuizima simu. Mama akamwahi. "Wacha hiyo simu, baba. Nilijua si juisi. Mtoto auze juisi miaka yote hiyo na sijawahi kumsikia akitaja embe?" Tulicheka, Mungu atusamehe, maiti ikiwa bado haijasafirishwa. Kisha akatueleza asichowahi kumweleza mtu wa kanisani kwake. Kabla hajaokoka alipika busaa, pombe ya kienyeji ya mahindi, na busaa ndiyo iliyomsomesha huyo kijana. Alipookoka alivunja vyungu vyote na kukataza habari hizo zisitajwe nyumbani kwake tena. "Nikaona aibu yangu, na yeye akaona yake. Tukabaki kusalimiana tu." Akajifuta macho kwa leso. "Sasa niambieni ukweli. Kazi alikuwa anaiweza?"

Tulijibu wote kwa pamoja, hata mwenyekiti. Alikuwa anaiweza, mama. "Basi nitasema hivyo hivyo kaburini," alisema, "na mchungaji asipopenda, njia anaijua."

Ninyi mlio mbali na kwenu, pigeni simu leo mseme kazi yenu kwa jina lake. Mama yule alizipata habari za mwanawe kwa mlinzi wa geti, na nilimwona uso ulivyong'aa alipozipata. Uso ule ulikuwa haki ya marehemu kuuona, naye ndiye pekee aliyeukosa.