Udongo Uliorudishwa kwa Kikapu

Nikipita Gihundwe mvua imetoka kukatika, nikakuta mtu anakata majani ya ng'ombe kando ya njia, ile harufu mbichi hunirudisha Gitambi, kwenye shamba letu la mteremko, mwaka tuliohamia kutoka Bukavu.

Mama yangu alipenda usafi, na usafi wake ulikuwa ule wa mjini. Ua ulifagiliwa asubuhi na jioni mpaka kuku wakaona haya kuukanyaga. Alipoyaona majani marefu yaliyopandwa mstari katikati ya maharage, yale ya ng'ombe yaitwayo urubingo, alisema majirani watatudhania wavivu. Tukayang'oa yote, nami nikiifurahia kazi. Lakini sanduku letu la nguo alikataza lisifunguliwe. Lilikaa mlangoni, limefungwa kamba, maana hakuwa na hakika kama kilima kile kingetupokea.

Kisha ikanyesha mchana kutwa. Tuliyatazama maharage yakiteremka pamoja na udongo wake, maji mekundu yakiingia jikoni kwa Maman Veneranda, jirani yetu wa chini. Mama aliinama, akaikaza kamba ya sanduku. Niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupapenda.

Kesho yake Maman Veneranda akapanda kwetu, kikapu kichwani. Nilijificha nyuma ya mama nikingojea matusi.

"Maman, udongo yenu ilikuya kwangu," alisema. "Nimeirudisha."

"Unisamehe," mama alijibu. "Ile majani nilizania ni bucafu tu."

"Njo yenye ilikuwa inashika udongo. Nimeleta ingine, tupande."

Kweli, juu ya udongo kulikuwa na vipande vya mashina ya urubingo. Tulivichomeka kwa mstari uliokata mteremko, yeye akitutania kwamba watu wa Bukavu wakiachwa watafagia mpaka kilima.

Majani yalipokomaa, maji ya mvua yalifika pale yakapunguza mbio, yakauacha udongo. Siku moja nilitoka shule nikakuta ile kamba ya sanduku imemfunga mbuzi, na nguo zetu zinaning'inia ukutani.

Kwa miaka mingi nilicheka nikimkumbuka mtu mzima akipandisha kilima kikapu kimoja cha udongo, kisichoweza kujaza hata shimo. Sicheki tena. Nilirudi juzi kumsalimu, nikakaa jikoni kwake. Ukiwa pale, mlango wetu unaonekana wazi, na chochote kilichowekwa mlangoni, hata sanduku lililofungwa kamba.