Siku Flossie Alipokaa Kitako

Flossie Tuuqlak hakuumbwa kukaa. Kanisani aliimba amesimama hata wenzake walipoketi, na ukimtembelea, hujamaliza kikombe cha kwanza yeye keshakumiminia cha tatu.

Sasa, kwetu Tikigaq, huku pwani ya barafu, mke wa nahodha hutulia nyumbani mashua ikienda kuwinda nyangumi. Akihangaika, nyangumi naye huhangaika. Akitulia, mnyama hujitoa kwa wawindaji kwa upole. Misimu miwili Amos, mumewe, alirudi mikono mitupu, na mji mzima ukajua wa kumnyooshea kidole.

Mwaka huu Amos alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Tukikosa tena, mama, mashua namwachia mdogo wangu."

Flossie akaapa atakaa hata nyumba iungue.

Basi akakaa, kitini, kando ya redio ya upepo ya kuzungumza na mashua. Wifi yake Beulah akaja kumlinda, kabeba sindano za kufuma na ulimi wake.

"Wifi, mguu unacheza huo."

"Hauchezi. Unapumua."

Beulah alicheka mpaka uzi ukamponyoka.

Mara mbwa wa jirani akapanda kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza thelujini, nje ya dirisha, palipokuwa na paja zima la kulungu aliloliweka Flossie kwa ajili ya wageni.

"Beulah! Mbwa! Paja langu!"

"Paja lako si umelikalia?"

"La kulungu, we mwanamke! Kamfukuze basi!"

"Mimi? Na magoti haya?" Beulah akachungulia. "Tena anakula kwa adabu, maskini."

Flossie akakishika kiti kwa mikono miwili. Alilitaka paja lile, lakini nyangumi alimtaka zaidi. Akawa anacheka na kulia kwa pamoja, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, na makalio hayakubanduka. Mbwa akala akamaliza, akamtazama kama anayeshukuru, akaondoka na mfupa.

Ndipo redio ikakoroma. Amos alikuwa anasali kushukuru, kisha vijana wake wakapiga kelele nyuma yake: "Amejitoa! Wala hakupiga mkia!"

Flossie alifyatuka! Kiti huko, Beulah huku, yeye na soksi zake thelujini, akamkumbatia mbwa yule mwizi na kumbusu katikati ya macho.

Mwezi wa sita, ngozi za sili alizozishona Flossie mwenyewe kuifunika mashua zilivuliwa, zikashikwa pembeni na watu arobaini ili arushwe juu, kama anavyorushwa kila mke wa nahodha aliyepata nyangumi. Akapanda katikati na mfuko wa peremende. Beulah, naye kashika upindo, akapaza sauti:

"Keti chini, wifi!"

"Nimeshakaa mimi! Vuteni!"

Akapaa. Akamwaga peremende, watoto wakazipigania, akapaa tena. Safari ya tatu, akiwa huko juu, alimwona Amos amesimama kando ya mbao za mashua yake, bado yake, akilia waziwazi bila kujifuta. Flossie akasahau peremende, akasahau na miguu, akashuka kitako, puu! Mishono yake ikampokea.

"Kakaa! Kakaa!" mji mzima ukaangua kicheko.

Amos ndiye aliyewashinda wote kwa sauti. "Asikae! Msimwache akae! Mrusheni tena!"